Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Kuijaribu Programu Mpya Pasipo Kuhatarisha Kumbukumbu Zako

Mche mpya wa kahawa haupelekwi kihambani siku ile ile unapopatikana. Katika kituo cha utafiti cha Lyamungu, Wilaya ya Hai, kazi ya kuichunguza kahawa imeendelea tangu miaka ya 1930, na aina bora zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani zilipita kwanza kwenye vitalu na mashamba ya majaribio kabla ya mkulima kukabidhiwa hata mche mmoja. Mche dhaifu hufia huko, na hasara yake huishia huko.

Uangalifu huo tunaujua sote shambani, lakini mara nyingi tunauacha mlangoni tunapoingia ofisini. Flashi inaletwa na mtu anayesema ina programu nzuri ya hesabu. Inachomekwa, programu inasakinishwa katika kompyuta ile moja yenye daftari la wanachama, orodha ya mikopo na nakala za vitambulisho, na jioni yake mafaili hayafunguki tena. Somo hili linamweleza mtumiaji namna ya kuwa na kitalu ndani ya kompyuta yake mwenyewe: mahali ambapo programu ngeni inaweza kuonyesha tabia zake zote, njema na mbaya, bila kugusa kilicho cha thamani.

Mwenyeji na mgeni

Kompyuta pepe ni kompyuta kamili iliyoundwa kwa programu. Ina prosesa yake, RAM yake, diski yake na kioo chake, ila vyote hivyo ni fungu lililotengwa kutoka katika kompyuta halisi iliyo mezani. Hufunguka ndani ya dirisha, kama zinavyofunguka barua na majedwali, na ndani ya dirisha hilo husakinishwa mfumo endeshi wake wenyewe, iwe Windows au Linux. Kompyuta halisi tutaiita mwenyeji. Ile pepe tutaiita mgeni. Diski nzima ya mgeni, pamoja na kila kilichomo, kwa macho ya mwenyeji ni faili moja kubwa tu. Faili hilo likifutwa, mgeni ametoweka.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi huko Marekani katika miaka ya 1960, wakati kompyuta moja ilijaza chumba na watumiaji wengi walilazimika kugawana. Lilifika katika kompyuta za mezani pale kampuni ya VMware ilipotoa programu yake ya Workstation mwaka 1999, na likawa jepesi zaidi baada ya Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 kuanza kuziwekea prosesa zao uwezo maalumu wa kuhudumia wageni. Ukitaka kujua kama kompyuta yako yenye Windows ina uwezo huo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji, kisha utazame maelezo ya prosesa. Ikiwa umezimwa, fundi wa kuaminika anaweza kuuwasha katika mipangilio ya awali ya kompyuta kwa dakika chache.

Programu za kuundia wageni zinapatikana bila malipo. VirtualBox, iliyotolewa mwaka 2007 na sasa iko chini ya Oracle, hufanya kazi katika Windows na Linux, na ndiyo tunayomshauri anayeanza. VMware Workstation Pro imekuwa bure kwa matumizi yote tangu Novemba 2024. Mwenye Windows ya daraja la Pro ana Hyper-V tayari, na pia Windows Sandbox, chumba cha majaribio kinachojifuta chenyewe kila kinapofungwa. Daraja la Home halina vitu hivyo viwili.

Mfano wa chama cha akiba na mikopo

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya somo hili. Mhasibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo huko Marangu ameletewa programu ya kutunza hesabu za mikopo. Mwuzaji anasema ni nzuri, bei si kubwa, na msimu wa ada za shule unakaribia, kwa hiyo maombi ya mikopo yataongezeka. Kompyuta mpakato ya chama ina RAM ya gigabaiti 8. Afanyeje?

Kabla ya yote anatengeneza nakala rudufu ya kumbukumbu za chama katika diski ya nje, kisha anaichomoa diski hiyo na kuifungia kabatini. Ndipo anaunda mgeni. Windows 11 huhitaji RAM isiyopungua gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na kwa kuwa inadai pia chipu ya usalama, VirtualBox iwe toleo la 7 au jipya zaidi, maana ndilo linaloweza kuiiga chipu hiyo. Nusu ya RAM ikimwendea mgeni, mwenyeji anabaki na gigabaiti 4, kiasi kinachotosha kwa shida. Kompyuta yenye gigabaiti 4 tu isihangaishwe na kazi hii. Itaganda, na mtumiaji atachoka kabla hajajifunza lolote. Microsoft hutoa nakala za majaribio za Windows zinazodumu siku 90, muda unaotosha kabisa kwa kazi kama hii. Mafaili ya kupakua ni makubwa, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo afadhali yapakuliwe mahali penye intaneti ya kasi kuliko kumaliza kifurushi cha simu, na yapakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe.

Mgeni akishakuwa tayari, mhasibu anahifadhi picha ya hali. Hii ni kumbukumbu ya jinsi mgeni alivyo kwa wakati huo: kila faili, kila mpangilio. Lolote litakalotokea baadaye, amri moja humrudisha mgeni katika hali ile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Uwezo huu ndio unaoipa kompyuta pepe thamani kubwa katika majaribio, kwa sababu jaribio linaweza kurudiwa mara kumi, na kila mara likaanzia mahali pale pale.

Sasa programu yenyewe. Kama ina tovuti rasmi, inapakuliwa ndani ya mgeni, kisha mtandao wa mgeni unakatwa. Kama imo katika flashi, flashi isifunguliwe kamwe katika kompyuta ya mwenyeji. Mwenyeji azuiwe kwanza kufungua flashi zenyewe zinapochomekwa, kisha flashi ikabidhiwe kwa mgeni kupitia orodha ya vifaa. Wakati wa kusakinisha, mhasibu anaangalia programu inaomba nini. Programu ya hesabu inayotaka kinga ya virusi izimwe kwanza imeshajieleza. Vivyo hivyo ile inayokuja na kijifaili cha pembeni cha kuvunjia kufuli la leseni. Hapo jaribio limekwisha, na mwuzaji arudishiwe flashi yake.

Tuseme imepita hatua hiyo. Watu wengi hukomea hapa, wakaridhika kwamba haina virusi. Sisi tunaona kwamba hapa ndipo kazi yenye faida inapoanza, kwa maana programu isiyo na virusi inaweza bado kuwaumiza wanachama.

Mhasibu anaingiza wanachama wa kubuni ishirini, wenye majina ya kubuni na namba za simu za kubuni. Anampa mmoja wao mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na marejesho ya mtaji ya shilingi 100,000 kila mwezi. Kwa kalamu na karatasi, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 18,000, ya mwisho ni shilingi 1,500, na jumla ya mwaka ni shilingi 117,000. Ikiwa programu inaleta 216,000, maana yake inatoza riba juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, na kila mkopaji wa kiasi hicho angelipa shilingi 99,000 zaidi ya alichokubaliana na chama. Kosa kama hilo likigunduliwa katika mwezi wa nane wa matumizi halisi, kulirekebisha ni ugomvi. Kwa wanachama wa kubuni halimgharimu mtu yeyote.

Jaribio la pili ni la umeme. Wakazi wa mteremkoni hawahitaji kuelezwa jinsi umeme unavyoweza kukatika katikati ya kazi. Mhasibu anaanza kuingiza marejesho ya wanachama, na akiwa wa kumi hivi anamzima mgeni ghafla, kwa amri inayofanana na kuchomoa waya ukutani. Anamwasha tena. Je, marejesho tisa yaliyotangulia yapo? La kumi limeingia mara moja, mara mbili, au halikuingia kabisa? Programu inafunguka, au inalalamika kwamba daftari limeharibika? Jaribio hili, likifanywa kwenye kompyuta halisi, linaweza kuiharibu kweli. Kwa mgeni lifanywe mara tano, huku picha ya hali ikimrudisha kila baada ya jaribio.

La tatu tunaliona kuwa la maana kuliko yote, na ndilo ambalo karibu kila mnunuzi hulisahau: leseni itakapokwisha, itakuwaje? Programu nyingi za hesabu huuzwa kwa ada ya mwaka. Mhasibu anaipeleka saa ya mgeni mbele hadi siku moja baada ya mwisho wa leseni, kisha anafungua programu. Kuna zinazoendelea kumruhusu mtumiaji kusoma kumbukumbu zake na kuzichapa, zikimzuia tu kuingiza mpya. Hilo ni la haki. Kuna zinazofunga kila kitu. Chama kilichoweka miaka mitatu ya akiba za wanachama ndani ya programu ya namna hiyo hakina tena uwezo wa kupatana bei na mwuzaji. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mhasibu ahakikishe kwamba kumbukumbu zote zinaweza kutolewa katika jedwali la kawaida linalofunguka kwa programu nyingine yoyote, na alihakikishe hilo kwa kulifanya, si kwa kuuliza.

Milango ya kufunga

Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kompyuta, mgeni anaweza kumwambukiza mwenyeji, na njia anazopitia ni zile zile tulizomfungulia kwa kutaka wepesi wa kazi.

Folda ya pamoja ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote. Programu za kompyuta pepe huruhusu folda moja kuonekana pande zote mbili ili mafaili yahamishwe upesi. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vitaifunga folda hiyo pamoja na kila kilichomo, kwa sababu kwa mgeni hiyo ni folda kama nyingine. Izimwe wakati wa jaribio. Kunakili na kubandika kati ya mwenyeji na mgeni nako kuzimwe: nywila uliyoinakili kwa ajili ya akaunti ya benki inaweza kusomwa na programu iliyo upande wa pili.

Mtandao unahitaji uangalifu zaidi. Watumiaji wengi hudhani kwamba mgeni akipitia intaneti ya mwenyeji, basi amefichwa. Amefichwa kwa walio nje, lakini yeye mwenyewe anaweza kuzifikia kompyuta nyingine za ofisi ile ile. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja, bila mtu kubonyeza kitu. Hospitali za umma za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya dosari hiyo miezi miwili kabla, na walioumia ni ambao hawakuisakinisha. Programu usiyoijua ijaribiwe pasipo mtandao wowote. Ikiwa haiwezi kufanya kazi bila intaneti, jaribio lifanyike kwa mtandao wa simu uliotengwa, si kwa mtandao wa ofisi.

Na jambo la mwisho katika mlolongo huu ni kumbukumbu halisi. Kishawishi cha kunakili daftari la kweli la wanachama ili jaribio lifanane na kazi halisi ni kikubwa. Tunashauri lisinakiliwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakibebesha chama wajibu wa kuzilinda taarifa za wanachama wake, na wajibu huo haukomi kwa sababu taarifa zimo ndani ya kompyuta pepe.

Jaribio lisiloweza kusema

Kukaa kimya kwa programu ndani ya mgeni si uthibitisho kwamba ni salama. Baadhi ya virusi hutambua kwamba vimo katika kompyuta pepe na kujilaza hadi vifike katika kompyuta ya kweli. Vingine hungoja siku kadhaa. Matokeo mabaya ya jaribio yaaminiwe mara moja. Matokeo mazuri yachukuliwe kuwa ruhusa ya kuendelea kwa tahadhari.

Ukuta kati ya mgeni na mwenyeji nao ni programu, na programu huwa na nyufa. Mwezi Mei 2015 ilitangazwa dosari iliyopewa jina la VENOM, iliyowezesha mgeni kuvunja ukuta huo katika mifumo kadhaa, VirtualBox ikiwamo. Dosari ilikuwa katika sehemu inayoiga kisomeo cha disketi, kifaa ambacho wakati huo watu karibu wote walikuwa wamekwisha kukiacha! Kinga ni kusasisha programu ya kompyuta pepe kila toleo jipya linapotoka, na kumwondolea mgeni vifaa asivyovihitaji.

Picha ya hali nayo si nakala rudufu. Imo katika diski ile ile ya mwenyeji. Diski ikifa, zote zinakwenda pamoja.

Kompyuta pepe inafaa pia kwa wenye programu za zamani. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Duka la stesheneri au ofisi ya chama yenye programu inayokubali mfumo wa zamani tu inaweza kumhifadhi mfumo huo kama mgeni asiye na mtandao, na mwenyeji akaendelea na mfumo mpya. Anayefikiria kuhamia Linux anaweza kuishi nayo wiki mbili kama mgeni na kuona kama printa yake inakubali, kabla ya kufuta chochote.

Programu za simu

Mamlaka huulizwa pia kuhusu programu za simu, hasa za mikopo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya biashara bila leseni. Malalamiko dhidi ya programu za aina hii yanafahamika: huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina katika simu, kisha mkopaji akichelewa, ndugu, wakwe na mwajiri wake hutumiwa ujumbe wa kumfedhehesha.

Inawezekana kuendesha mfumo wa Android ndani ya kompyuta, na humo programu ikakuta orodha tupu ya majina. Hata hivyo hatumshauri mtumiaji wa kawaida kujisumbua. Ruhusa ambazo programu inaziomba zinasomeka katika duka la programu kabla ya kuisakinisha, na kama mkopeshaji ana leseni ama hana, hakuna kompyuta pepe inayoweza kukujibu. Jibu hilo liko Benki Kuu.

Leseni na sheria

Mgeni mwenye Windows anahitaji leseni yake mwenyewe, mbali na ya mwenyeji, muda wa majaribio ukiisha. VirtualBox ya msingi ni huria, lakini kifurushi chake cha nyongeza ni bure kwa matumizi binafsi na ya kutathmini, si ya kibiashara. Ofisi inayokitumia kibiashara inapaswa kukilipia, na maandishi ya masharti hayo ni rahisi kuyaruka kwa kubonyeza neno la kukubali. Kwa kazi tulizozieleza hapa, ofisi nyingi zitatosheka na programu ya msingi.

Kompyuta pepe, vilevile, haimfichi mtu mbele ya sheria. Kuingia katika mfumo wa mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iwe kwa kompyuta halisi au kwa mgeni. Kijana anayejifunza usalama wa mitandao ajenge wageni wawili na kuwapambanisha wao kwa wao, katika mtandao wao wa ndani usiotoka nje.

Ikiwa madhara yamekwisha kumfikia mwenyeji, ikate kompyuta kwenye mtandao kwanza, wala usiichomeke ile diski ya nje yenye nakala rudufu. Piga picha ya ujumbe ulio kwenye kioo kwa simu, andika saa na jina la programu iliyosakinishwa mwisho, kisha toa taarifa polisi na kwa TZ-CERT, kitengo cha taifa kinachoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Ujumbe wa simu wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe 15040. Flashi iliyoleta programu usiifute wala usiirudishe kwa aliyeileta. Itiwe katika bahasha na kukabidhiwa pamoja na taarifa.